Chumba cha Tatu

Simu ilipoita nilikuwa na pini mdomoni na gauni la kijani mapajani, nikipima pindo. Gauni lenyewe lilikuwa langu. Nalitaja hilo kwa sababu fundi cherehani kujishonea nguo yake mwenyewe ni jambo la nadra. Tangu pacha wangu wazaliwe nilikuwa navaa nilichonacho, na wateja wanavaa nilichokitamani. Lakini mara hii nilichagua kitambaa kizuri kuliko vyote dukani, nikajipima mwenyewe mbele ya kioo, nikajiapia kwamba Ijumaa jioni nitashuka katika jiji lile kama mwanamke, si kama mama wa mtu.

Aliyepiga alikuwa Nesi. Jina lake la kuzaliwa analo, ila tangu avae gwanda jeupe hakuna anayelikumbuka, hata mumewe, ambaye naye sote tunamwita Dereva. Mpango wa safari ulikuwa mikononi mwake: tuwe wanne, wawili wawili, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, bila mtoto hata mmoja. Tulikuwa tumeupanga jikoni kwangu wiki baada ya wiki. Dereva alitaka kulala mpaka jua limfukuze kitandani. Nesi alitaka kucheza muziki mpaka viatu vimkatae. Mimi nilipoulizwa nikasema nataka kula chakula kingali cha moto, wakacheka, wakidhani natania. Mume wangu ndiye pekee ambaye hakusema anataka nini. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili na kuitikia kila kitu, sawa, haya, mtakavyo, kama mtu anayesikiliza mipango ya harusi ya watu asiowajua.

"Nimeongea na hoteli," Nesi alisema. "Vyumba vyote vitatu tumevipata."

Nikatoa pini mdomoni. "Vitatu? Kwani nani mwingine anakuja?"

Nesi ni mtu anayekuchoma sindano huku anakusimulia mambo ya jana, kwa hiyo akinyamaza ujue kuna jambo. Alinyamaza. Kisha akaniuliza polepole kama mume wangu hakuniambia. Juzi alimpigia, akamwomba sisi wawili tuwekewe vyumba viwili, kimoja chake na kimoja changu.

"Nilidhani mmeshakubaliana," alisema. "Nikajua labda anakoroma. Akaniuliza na kuta za pale, ni za tofali au za mbao. Nikasema huyu anaogopa kelele."

Nilimwambia ndiyo, anakoroma, siku hizi amezidi. Ulikuwa uongo mtupu. Mume wangu hulala kama gunia la unga, hatoi hata mlio. Nikakata simu, nikabaki nimelishika lile gauni, na nilijisikia mjinga kwa kila mshono niliokuwa nimeupitisha.

Jiji lile tunalijua. Ndiko tulikojuana. Tulipanga vyumba katika nyumba moja ndefu yenye milango iliyopangana, na bomba moja uani. Mimi chumba kimoja, huyu mume wangu cha pili, na Nesi, wakati huo bado mwanafunzi, cha mwisho. Mume wangu alikuwa mwoka mikate. Alifanya kazi usiku na kulala mchana. Mimi nilishona mchana kutwa, na cherehani yangu niliiweka palepale ukutani kwake, kwa sababu ndipo ulipofika mwanga wa dirisha. Sikujua upande wa pili kuna binadamu anautafuta usingizi.

Siku moja ukuta ukagongwa. Ngo, ngo, ngo. Mimi nililelewa vizuri. Nikajua jirani mpya ananisalimu. Nikaacha kushona, nikagonga vilevile, ngo, ngo, ngo, kisha nikaendelea na kazi yangu. Akagonga kwa nguvu zaidi. Nikasema moyoni, mtu mchangamfu huyu, nikamwitikia kwa nguvu zaidi. Tukaenda hivyo karibu wiki nzima. Tulipokutana bombani alikuwa na ndoo, macho mekundu, na hotuba nzima tayari mdomoni kuhusu mimi na mashine yangu. Kabla hajaifungua nikampa mkono, nikamwambia, "Asante kwa salamu zako."

Alinitazama. Ndoo ikajaa, ikamwagika, ikalowesha viatu vyake, naye bado ananitazama. Hatimaye akasema, "Karibu, jirani."

Kuanzia hapo ukuta ule ukawa mahali petu. Ana kwa ana alikuwa mtu wa "habari" na "nzuri" tu, anayekazia macho ndoo yake kama itamkimbia. Nyuma ya ukuta alikuwa mwingine kabisa. Akirudi kutoka kazini asubuhi atagonga, nitagonga, ataniuliza, "Upo?" nami nitasema, "Nipo," halafu maneno yanafunguka. Alinieleza habari za baba yake aliyeondoka, za mkate wa kwanza alioungua nao vidole, za mambo yaliyomchekesha na yaliyomliza. Mbao za ukuta ule zilikuwa nyembamba kiasi kwamba akicheka nilikuwa nausikia ukuta ukitetema begani mwangu. Na hata siku aliyonitaka ndoa hakuja mlangoni. Alisema kutoka kwake, "Jirani, hivi huu ukuta una kazi gani hasa?"

Jina hilo alinioa nalo. Jirani kitandani, Jirani sokoni, Jirani mbele ya wageni. Walioliua ni pacha wetu. Walipoanza kusema, walisema walichokisikia. "Jirani, nina njaa." "Jirani, amenipiga." Mama mkwe alikuja kututembelea akawasikia kwa masikio yake, akaweka kikombe chini. Alisema mtoto anayemwita mama yake jirani, kesho atamwita baba yake mpangaji. Tulicheka sana usiku ule, lakini mume wangu ni mtoto wa mama yake. Kesho yake nikawa Mama Pacha, naye akawa Baba Pacha, na mimi sikugombana, kwa sababu sikujua kwamba jina likiondoka huwa linabeba na vitu vingine.

Mama mkwe huyohuyo ndiye aliyekuwa anakuja kukaa na watoto. Aliwasili alasiri ile na begi lake na mto wake, maana mito ya watu haiamini, na kabla hajaketi akanikumbusha kwamba yeye aliwalea saba na hakuwahi kwenda mahali popote kupumzika. Alitaka kujua tunapumzika kutokana na nini, na watu wazima wakiwakimbia watoto wao wanakimbilia nini. Siku nyingine ningekuwa na jibu. Siku ile nilimwekea chai tu, nikawatuma pacha wakamwonyeshe bibi yao mwanasesere waliyemnyoa nywele.

Baba Pacha alirudi kutoka kiwandani wakati huo. Siku hizi yeye ndiye msimamizi wa matanuri, anatoka alfajiri sisi tumelala na kurudi alasiri, lakini unga bado unamfuata. Utaukuta masikioni, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo. Zamani nilikuwa naufuta kwa kidole. Aliweka mkate juu ya meza ya jikoni, nami nikasimama upande wa pili wa meza.

"Nesi amepiga simu," nilisema.

"Anasemaje?"

"Anasema chumba chako kimepatikana."

Akanyanyua uso haraka. Nilitegemea aone haya. Badala yake akauliza, "Na chako? Vimepakana?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilijitahidi kuishusha sauti, maana sebuleni kulikuwa na masikio. "Unataka changu kiwe umbali gani, Baba Pacha, ndiyo upate kupumua?"

"Sivyo."

"Basi vipi? Nieleze. Nina nafasi, leo sina haraka."

Akakung'uta mikono ambayo haikuwa na kitu. Akatazama mkate, akatazama dirisha, akanitazama mimi kidogo kisha akarudi kwenye mkate. "Nilifikiri kwamba... Basi tu."

"Basi tu nini?"

"Nikikwambia hivi tunavyotazamana, utakuwa upuuzi."

"Sina tatizo na upuuzi," nilisema, na hapo sauti ilinikatika, nikaichukia kwa kunikatikia mbele yake. "Miaka yote hii nimejiambia watoto ndio waliojaa katikati yetu. Nikasema ngoja wakue kidogo, ngoja tupate siku mbili. Sasa siku mbili zimepatikana, watoto hawatakuwepo, na wewe mwenyewe unaniwekea ukuta."

Alishtuka kwa neno lile, nakumbuka. Nilidhani ni kwa sababu limemchoma. Hakupata kujibu, kwa sababu mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu. Alitutazama mmoja mmoja. Akasema yeye alisema; watu wakianza kuwakimbia watoto, huishia kukimbiana wenyewe. Mume wangu akapita pembeni yake bila neno, akaenda chumbani kwetu, akafunga mlango. Nami nikamwambia mama mkwe asihangaike kutandika kitanda cha watoto, huenda hakuna anayesafiri.

Chumba changu cha kushonea kimepakana na chumba cha kulala. Niliingia nikakaa mbele ya cherehani na kulilaza gauni mbele yangu. Nilikuwa nimeamua. Kuna mteja wangu mmoja, mwalimu, mwenye kiuno kipana kidogo kuliko changu. Nitaachia mishono ya ubavuni, nitamuuzia, nitasahau kwamba niliwahi kujipima mbele ya kioo. Lakini sikufumua chochote. Nilianza tu kushona pindo, na nilishona kwa hasira. Cherehani yangu ni ileile ya kukanyaga kwa mguu, kongwe kuliko ndoa yangu, na ukiikanyaga kwa hasira inanguruma mpaka mikasi inatembea mezani. Nilitaka anisikie. Nililia pia, nisifiche, ila nililia huku nashona, kwa sababu kazi haingoji macho yakauke.

Nililia kwa kuogopa zaidi kuliko kwa kukasirika. Hofu yangu ilikuwa ya zamani kuliko simu ya Nesi. Nilikuwa naiogopa Ijumaa yenyewe. Nilikuwa nimewaza mara nyingi, nikiwa nimelala kati ya pacha wawili na miguu yao mgongoni mwangu: tukifunga mlango wa chumba kile, pasiwe na mtu wa kuogeshwa wala kufunikwa, yule mwanamume na mimi tutasemezana nini? Na sasa ilionekana yeye amewaza hilohilo na kupata jibu lake, ni kwamba hakuna la kusemezana, afadhali kila mtu na mlango wake.

Ngo, ngo, ngo.

Nikasema ala, yaani amethubutu. Ameniudhi na bado anataka ninyamazishe mashine alale. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Ngo, ngo, ngo.

Mguu ukasimama wenyewe. Sikuuamuru. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kugonga ukuta ule. Sisi huitana kwa kupaza sauti, au humtuma mtoto. Nilikaa na mkono juu ya gurudumu la cherehani, na nikakumbuka kwamba huenda mimi ndiye mtu pekee duniani niliyegombezwa nikaitikia salamu. Nilikosea mara ile. Ningeweza kukosea tena, kwa upande wa pili. Niliinuka, nikasogeza mabaki ya vitambaa, nikagonga.

Halafu sauti yake, chini, karibu sana na ukuta.

"Upo?"

"Nipo."

"Ukuta huu ni mnene," alisema. "Lazima nipige kelele, na mama anasikia. Ndiyo maana nilimuuliza Nesi zile za kule ni za nini."

Nikaegemeza paji la uso kwenye rangi ya ukuta. Ilikuwa ya baridi. Kitu kilianza kunifungukia, ila sikutaka kukisaidia. Nilitaka akiseme yeye.

"Za kule ni za nini?" nikauliza.

"Za mbao."

"Na wewe mbao unazitakia nini?"

Alikohoa. Nilimjua, alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, magoti juu, kama zamani. "Mama Pacha naweza kumtazama usoni kutwa nzima," alisema. "Namwambia gesi imeisha, mtoto ana homa, viatu vimewabana. Hiyo siogopi. Lakini Jirani sijaongea naye siku nyingi, sijui nianzie wapi. Nikawaza tukifika kule, tukafunga mlango, nikakutazama, nikakosa neno. Ukaniona nimekosa neno. Utafikiri halipo, kumbe lipo, ila mimi ni yuleyule wa kukazia macho ndoo. Ukutani sikuwahi kukosa la kusema. Nikasema nikupangishie chumba cha pili, nigonge, ukiitika nijue umo."

Nilikuwa nimeufunika mdomo kwa pindo la gauni.

"Ungeniambia," nilisema hatimaye.

"Ningekwambiaje? Kwamba nakupeleka mjini nikuweke chumba cha pili? Si ungeona nimerukwa na akili. Nilitaka ufike, uudhike kidogo, halafu usikie mlio."

"Nimeudhika sana. Hukupima vizuri."

"Sijawahi kujua kupima. Wewe ndiye fundi."

Nikacheka na machozi yangu yote. Nikamwambia basi na yeye ajue. Kwamba mimi pia naogopa, tena siku nyingi. Kwamba gauni hili sikulishona kwa ajili ya muziki wa Nesi. "Nililishona ili ukiniona uwe na la kusema," nilimwambia. "Hata kama ni moja tu."

"Gauni gani?"

"Hili ambalo limekaa hapa wiki nzima umelipita ukienda kuoga."

"Nilijua la mteja. La rangi gani?"

"La kijani."

Nilipoamua kugonga tena, alisema, "Kama lile la bombani."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka ndoo, macho mekundu, viatu vilivyolowa. Mimi mwenyewe sikuwemo katika kumbukumbu yangu. Ni mara ngapi mtu hujiona? "Nilikuwa nimevaa kijani siku ile?"

"Wewe unadhani ndoo ilimwagika kwa sababu gani?"

Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hadithi ile kwa wageni, nikiwachekesha, jinsi nilivyompiga bumbuwazi kwa asante yangu. Kumbe hadithi yenyewe nilikuwa na nusu tu. Nusu nyingine alikuwa nayo mwoka mikate mmoja, ameitunza, na hakuna siku aliyoulizwa.

Nilisikia mlango wa chumba cha kulala ukifunguliwa, na sauti ya mama mkwe ikiuliza mwanawe anaongea na nani huko chini sakafuni.

"Naongea na jirani, mama."

Mwanamke yule alilizika jina lile kwa mkono wake mwenyewe, na nilimngojea alizike tena. Nadhani alikuwa anamtazama mtoto wake mtu mzima, mwenye unga masikioni, amekaa chini na sikio ukutani.

"Basi msalimie," alisema. "Na umwambie asafiri salama, watoto wake wana bibi."

Mlango ukafungwa taratibu, kwa namna ambayo mama mkwe hafungi milango.

Simu yangu iliita tena mezani. Nesi. Alianza kuzungumza kabla sijasema neno: alikuwa ananiomba radhi, ameshaongea na hoteli, chumba cha tatu watakifuta jioni ile, nami nisimkasirikie mume wangu, wanaume hawajui kusema.

"Usifute," nilimwambia.

"Unasemaje?"

"Viache viwili vilevile. Waambie tu vipakane, na vitanda vyote viegemee ukuta mmoja."

"Nyie mna nini?" Nesi aliuliza. "Yaani mmepatana au mmeachana? Niambie nimwambieje Dereva."

"Mwambie Ijumaa tunalala kwa ujirani," nilisema. "Jumamosi ndiyo tutaangalia huo ukuta una kazi gani."

Alipiga kelele ya furaha iliyonilazimu kuiondoa simu sikioni. Alikuwepo, yule, chumba cha mwisho, alisikia mengi kuliko alivyowahi kukiri. Nikamwacha akicheka. Nje ya dirisha pacha walikuwa wanakimbizana na bibi yao alikuwa anawahesabia, na mwanga wa alasiri ulikuwa umefika kwenye cherehani kama ulivyokuwa ukifika zamani katika chumba kile kingine. Nikakaa, nikafuta macho kwa mgongo wa mkono, nikalirudisha gauni chini ya sindano. Pindo lilikuwa limekwenda upogo pale nilipokuwa na hasira. Niliamua nisilifumue.

Nikakanyaga. Mashine ikanguruma.

Ngo, ngo, ngo.

Safari hii sikuwa na haja ya kujua alikuwa ananigombeza au ananisalimu. Nilisogeza mdomo karibu na ukuta, pale rangi ilipokuwa bado na alama ya paji langu la uso.

"Asante kwa salamu zako," nilisema.

Akakawia, kama alivyokawia siku ile, ndoo ikijaa.

"Karibu, jirani."